Siku Tano za Mwisho Nyumbani kwa Yaya, Kisiwani Krete

Jumatano, 29 Novemba 2023

Mvua ilianza usiku wa manane, na hadi kulipopambazuka ilikuwa bado haijakatika, kwa hiyo leo hatukwenda shambani. Zeituni hazivunwi zikiwa zimelowa: ukizishindilia guniani na maji yake huanza kuchacha kabla hazijafika kinuni, na nyavu zinazotandikwa chini ya miti huwa nzito na kujaa tope. Nimebakiwa na siku tano tu katika nyumba hii, na ya kwanza imechukuliwa na mvua. Siijutii, kwa kuwa nimeshinda jikoni na bibi wa nyumba, ambaye wote humu humwita Yaya.

Neno hilo lilinitatiza nilipofika wiki tatu zilizopita. Kwetu Pangani yaya ni mtu anayelipwa kulea watoto wa wengine, nami nilipoambiwa, "Huyu ndiye Yaya," nilimtazama yule mwanamke wa miaka themanini na minne, aliyevaa nguo nyeusi kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, nikajiuliza ni mtoto gani anayemlea. Kwa Kigiriki yaya ni bibi, awe mzaa baba au mzaa mama. Kosa langu la pili lilikuja siku hiyohiyo. Jirani aliuliza mimi ni nani, na Yaya akajibu kwamba mimi ni musafirisa. Nilidhani amesema msafiri, nikaitika. Kumbe kwa Wagiriki musafiris, na kwa mwanamke musafirisa, ni mgeni aliyekaribishwa nyumbani. Neno limewafikia kupitia Kituruki, na asili yake ni Kiarabu, sawa na msafiri wetu, ila sisi tumebaki na mtu aliye njiani, na wao wamebaki na mtu aliyekwisha kufika, akavua viatu na kuketi.

Aliyenileta hapa ni mjukuu wake, ambaye nilisoma naye katika taasisi ya kilimo ya mji wa Chania. Masomo yalipokwisha nilikuwa na muda kabla ya ndege ya kurudi Dar es Salaam, naye akaniambia kwamba kwao mikono ya kuvuna haitoshi. Kijiji chao kipo katika vilima vilivyo nyuma ya Kolymbari, magharibi mwa kisiwa, na mawingu yakiondoka huonekana kwa mbali Milima Myeupe, ambayo kileleni huwa na theluji.

Kigiriki hakina shikamoo. "Kalimera" hupewa mtoto na mzee sawasawa, na asubuhi ya kwanza ulimi wangu ulikataa kumpa mwanamke wa umri ule neno lilelile nililokuwa nimempa mjukuu wake dakika moja kabla. Nikamwamkia kwa Kiswahili, kisha nikaomba aelezwe kwamba wajibu wake ni kuitikia "marahaba". Tangu siku hiyo hajakosa hata asubuhi moja. Huacha alichokishika, hunyooka kadiri mgongo unavyomruhusu, na kulitamka neno zima bila haraka, kama mtu anayehesabu fedha za mwenziwe.

Leo ni siku ya mfungo mkali. Wakristo wa Kiorthodoksi hufunga siku arobaini kabla ya Krismasi, kuanzia tarehe 15 Novemba, wakijinyima nyama, maziwa na mayai. Samaki huliwa kwa siku maalumu, na Jumatano na Ijumaa washika dini hawali hata mafuta. Vijana wengi wa kijiji hawafuati tena utaratibu huo, lakini Yaya haupunguzi hata kidogo. Zeituni zenyewe zinaruhusiwa, mafuta yake hayaruhusiwi. Kwa hiyo mwanamke ambaye maisha yake yote yamepita kati ya mizeituni huishi siku mbili kila wiki bila kuonja tone la mafuta, na mchana wa leo tumekula dengu zilizochemshwa kwa vitunguu na kutiwa siki, pamoja na mkate mkavu wa shayiri na bakuli la zeituni za mwaka jana. Mimi ni Mwislamu, na habari ya kufunga haihitaji kuelezwa kwangu. Wiki ya kwanza alitaka kunipikia kuku peke yangu, nikakataa na kusema nitakula wanachokula wao. Hakusema kitu, aliongeza tu kikombe kimoja cha dengu sufuriani.

Alhamisi, 30 Novemba

Leo ni sikukuu ya Mtume Andrea, na baba mwenye nyumba, mwana wa Yaya, ana jina la mtume huyo. Huku mtu hawekewi sherehe kubwa siku aliyozaliwa, bali siku ya mtakatifu ambaye anaitwa kwa jina lake, na anayesherehekewa ndiye anayekirimu wengine. Kazi haikufanyika. Yeye na mkewe walikwenda kanisani asubuhi, na waliporudi alinichukua kwa gari la mizigo hadi kijiji cha Ano Vouves, kwa sababu alisema haiwezekani nivune zeituni katika eneo hili kisha niondoke bila kumwamkia mkubwa wao.

Mkubwa huyo ni mzeituni unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Shina lake lina mzingo wa zaidi ya mita 12, limejipinda na kujifunga mafundo kama kamba ya jahazi iliyokauka juani, na ndani ni tupu kiasi kwamba mtu anaweza kuingia na kusimama. Kwa kuwa kiini cha shina kilikwisha kuoza zamani, mapete ya miaka hayahesabiki, na umri wake halisi utabaki kuwa makadirio. Matawi yake yalikatwa kutengenezea mataji ya washindi katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004. Yote hayo yameandikwa katika jumba dogo la makumbusho lililo karibu, lakini kilichonigusa mimi ni kwamba mti bado unazaa. Chini yake palikuwa na zeituni chache zilizodondoka, ndogo na nyeusi, na baba wa nyumba aliinama akaziokota zote, kama ambavyo mtu wa kwetu hawezi kupita penye nazi iliyoanguka akaiacha.

Jioni nyumba ilijaa. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyekosa kuja. Kila aliyeingia alisema "Hronia pola," yaani miaka mingi, akakabidhi kisanduku cha vitamu na kuketi. Mfungo wa leo unaruhusu samaki, kwa hiyo palikuwa na samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu jana, mkavu kama ng'onda wa kwetu, akakaangwa na kuliwa kwa kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta. Wanaume walikunywa tsikoudia, pombe kali wanayoikeneka wenyewe kutokana na makapi ya zabibu. Yaya aliniwekea chai ya majani ya mlimani kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kunijazia glasi.

Ndipo mzee mmoja wa jirani, akizungumza na mjukuu, aliuliza kama "kseni" amezoea baridi. Najua neno hilo. Ksenos ni mtu wa nje, na kama mgeni wetu, hubeba maana zote mbili: anayefunguliwa mlango na asiye wa hapa. Mzee hakuwa na nia mbaya, na sauti yake ilikuwa ya upole, lakini Yaya aliweka chini sinia alilokuwa amelishika. Alisema, na mjukuu akanitafsiria baadaye neno kwa neno, "Kseni alikuwa mama yangu. Huyu ni musafirisa."

Wageni walipoondoka alinisimulia mwenyewe, huku akikunja kitambaa cha meza na kukikunjua tena. Mama yake alishuka bandarini mwaka 1922, akiwa na miaka kumi, kutoka pwani ya Asia Ndogo, ambayo leo ni Uturuki, baada ya mji wa Smyrna kuungua. Mwaka uliofuata mkataba uliotiwa saini Lausanne, Uswisi, uliamua kubadilishana watu kwa kigezo cha dini: Wakristo wa Kiorthodoksi zaidi ya milioni moja wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wengi wa Ugiriki wakapelekwa Uturuki, wakiwemo Waislamu wa Krete ambao lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kigiriki. Mama yake Yaya alikuwa Mgiriki, alisali Kigiriki, na bado watoto wa kijiji walimwita kseni na mbegu ya Waturuki. Alikaa hapa miaka sitini, akazaa na kuzika hapa, na hadi mwisho kulikuwa na nyumba moja ambayo haikuwahi kumwita ndani.

Msikiti wa kuba kubwa ungali umesimama kwenye bandari ya zamani ya Chania, nami nimeupita mara nyingi nikienda sokoni. Usiku huu nimewafikiria watu waliokuwa wakisali humo, ambao nao walishushwa mahali fulani upande wa pili wa bahari wakiwa na mabunda yao, wakaitwa wageni kwa lugha ambayo hawakuijua.

Ijumaa, 1 Desemba

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa wavu, na sikungoja siku ya tatu. Leo tumemaliza shamba la juu, nami ninaandika saa saba usiku, mikono ikinuka majani mabichi hata baada ya sabuni.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza na ngumu mgongoni. Nyavu hutandikwa chini ya mti zikipishana, upande wa juu wa mteremko ukilala juu ya upande wa chini, ili zeituni zinapobiringika zisipate upenyo. Baba na mwanawe hushika fimbo ndefu zenye vidole vya plastiki mwishoni, zinazoendeshwa kwa umeme wa jenereta, na vidole hivyo vikitikisika kati ya matawi, matunda humwagika kama mvua ya mawe. Mama wa nyumba nami huwa chini, tukiokota vijiti, tukivuta nyavu kukusanya lundo na kujaza magunia. Aina ya zeituni za hapa ni koroneiki, matunda yasiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole changu kidogo, mengine ya kijani, mengine yameanza kupiga zambarau. Kosa kubwa la mtu mpya ni kukanyaga juu ya wavu. Nililifanya siku ya kwanza, nikaitwa kwa jina langu kwa sauti ambayo sijaisahau, na leo nilizunguka kila mti kama anayezunguka mkeka wa watu wanaosali.

Mavuno ni haba mwaka huu. Tumejaza magunia 14, na shamba hilohilo mwaka jana lilitoa zaidi ya mara mbili. Baba anasema majira ya baridi yaliyopita hayakuwa na baridi ya kutosha, na mzeituni usipoonja baridi hautoi maua inavyopasa. Kwa upande mwingine bei ya mafuta imepanda sana, kwa sababu Hispania, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, imepigwa na ukame. Alinieleza hayo bila furaha. Mkulima anayelipwa zaidi kwa sababu shamba la mkulima mwenzake limekauka hajui aishukuru bahati gani.

Saa moja usiku tulikuwa kinuni. Kila familia hukaa na magunia yake na kuyafuata kwa macho hatua kwa hatua, maana hakuna anayetaka zeituni zake zichanganyike na za mwingine. Mizani ilisoma kilo 672. Kwanza feni hupuliza majani, kisha zeituni huoshwa na kusagwa pamoja na kokwa zake, na uji unaopatikana, wa rangi ya udongo wenye kijani, huingizwa katika mabirika ya chuma ambamo panga za duara huukoroga taratibu kwa zaidi ya nusu saa. Uji hupashwa uvuguvugu tu, usizidi nyuzi 27, kwa sababu joto likizidi mafuta huongezeka lakini harufu na ladha hupotea. Nilisimama juu ya birika hilo muda wote. Mwanzoni ni uji mzito usio na dalili yoyote, halafu huonekana vijidoa vinavyong'aa, vijidoa vinaungana kuwa mistari, na mistari inakuwa vidimbwi vya kijani kandokando ya panga. Ndivyo hivyohivyo mafuta yanavyojitokeza katika tui linalochemka kwenye sufuria ya mama yangu, na kwa kitambo kidogo nilisahau niko nchi gani. Kutoka hapo mashine inayozunguka kwa kasi hutenga mashudu, maji na mafuta.

Mafuta yalitoka katika bomba fupi lisilozidi unene wa mkono, mazito, ya kijani ya kung'aa kama majani ya mgomba baada ya mvua. Kilo 134, yaani takriban kilo moja kwa kila kilo tano za zeituni, na kinu huchukua sehemu yake humohumo kama ujira. Pembeni palikuwa na jiko linalochochewa kwa kokwa zilizokaushwa, na juu yake vipande vya mkate. Mtu akanikabidhi kimoja kilichochovywa. Mafuta mapya si laini kama yale ya dukani: ni machungu kidogo ulimini, halafu hushuka na kuwasha koo mpaka ukohoe, na waliokuwepo walinisubiri nikohoe, nilipokohoa wakaridhika.

Tulipofika nyumbani ilikuwa imekaribia saa sita usiku, na Yaya alikuwa macho. Nilimpa chupa mikononi. Aliifungua, akainusa kwa muda mrefu, akafumba macho, akaifunga. Bado ilikuwa Ijumaa. Kisha akaenda kwenye kona yenye picha za watakatifu, akaishusha taa ndogo ya kioo inayoning'inia mbele yake, akamwaga mafuta ya zamani yaliyobaki, akatia mapya na kuwasha utambi. Nilimuuliza taa hiyo inaitwaje. Alijibu, "Kandili." Sikuhitaji tafsiri.

Jumamosi, 2 Desemba

Leo nimepika mimi. Nilikuwa nimefikiria kwa siku nyingi ni chakula gani cha kwetu kitakachofaa katika mfungo wao, na jibu lilikuwa limelala sokoni Chania muda wote: pweza. Hana damu nyekundu, kwa hiyo ameruhusiwa hata siku ambazo samaki amekatazwa. Mjukuu alimleta asubuhi, mkubwa wa kilo mbili, na Yaya aliponiona nampigapiga juu ya jiwe la uani ili alainike alicheka, akaninyang'anya na kunionyesha jinsi mama yake alivyokuwa akifanya. Ni kama wafanyavyo wanawake wetu maji yanapotoka wakati wa bamvua, kuinua na kubwaga, kuinua na kubwaga, kisha kumsugua jiweni mpaka atoe povu jeupe.

Shida ilikuja nilipofungua kopo la tui. Yaya aliona kile kitu cheupe, akanishika kiwiko. "Gala?" Maziwa? Nilieleza kwamba yametoka katika tunda, si kwa mnyama. Hakuelewa, naye hakuwa tayari kuvunja mfungo kwa kuogopa kuniudhi, jambo ambalo nililiheshimu sana. Nilichukua karatasi nikachora mnazi, nazi, mbuzi ya kukunia na kifumbu cha kuchujia, na mjukuu akamsomea herufi za kopo moja baada ya nyingine. Yaya alitafakari. Mwishowe alisema kwamba ikiwa mti unaweza kutoa mafuta, hakuna sababu ya mti mwingine kushindwa kutoa maziwa, akakaa chini na kunisogezea vitunguu.

Jumamosi mafuta yanaruhusiwa. Tulipokwisha kuketi, kabla ya kugusa pweza, alimimina mafuta mapya katika kisahani, akatia chumvi, akamega mkate. Alikula polepole, na sote tulimtazama. Alikohoa mara moja. Akasema, "Kalo," ni mazuri, akamsogezea mwanawe kisahani. Na mwanawe, mtu wa miaka sitini na ushei ambaye tangu jana alikuwa akilalamika juu ya uchache wa mavuno, aliinamisha kichwa na kula bila neno. Pweza wa nazi aliliwa wote, mchuzi ukafutwa kwa mkate.

Jioni nilifunga mizigo.

Jumapili, 3 Desemba

Yaya aliniuliza kama dini yangu inanikataza kumsindikiza kanisani. Nikamwambia nitakaa nyuma kwa adabu, na nilifanya hivyo. Kanisa ni dogo, kuta zake zimepigwa weusi na moshi wa mishumaa, na ibada yote ilikuwa ya kuimbwa. Neno moja lilirudi mara kwa mara, irini, yaani amani: kwa amani tumwombe Bwana.

Baada ya ibada padri aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomtajia Tanzania alisema kwamba anaifahamu kwa jina ambalo mimi silijui: Irinoupolis. Kanisa lao, lililo chini ya Patriaki wa Aleksandria, lina jimbo lenye makao Dar es Salaam, na walipolipa jina walitafsiri jina la mji, nyumba ya amani ikawa mji wa amani kwa Kigiriki. Nami nikamweleza habari za Wagiriki wa Tanga waliokuwa na mashamba ya katani, ambao wazee wetu waliwafanyia kazi na kukumbuka majina yao, hadi mashamba mengi yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Yaya alisikiliza yote. Aliuliza swali moja tu: Wagiriki hao, huko Tanga, waliitwaje na watu? Nilisema waliitwa Wagiriki, na wengine waliwaita wageni. Nikaongeza kwamba kwetu neno hilo lina pande mbili, kama la kwao. Alitikisa kichwa polepole, akanishika mkono hadi nyumbani.

Meli ya kwenda Piraeus, bandari ya Athens, huondoka Souda, bandari ya Chania, usiku na kufika asubuhi. Saa kumi na moja jioni gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, na ndani palikuwa na debe la mafuta la lita tano lililofungwa kwa gundi ya karatasi kuzunguka kifuniko mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mkate mkavu wa shayiri, na mfuko wa ile chai ya mlimani. Jirani yule mzee alikuja kuaga. Safari hii aliniita kwa jina, akilikosea herufi moja.

Yaya alisimama mlangoni na jagi la maji. Mama yake alikuja na desturi hiyo kutoka ng'ambo: maji humwagwa nyuma ya anayeondoka, ili njia yake iteleze kama maji na arudi kama maji. Nilimkaribia ili nimuage vizuri, nikiwa nimeandaa maneno ya Kigiriki ya kushukuru, ambayo mjukuu alinifundisha na niliyarudia usiku kucha, lakini hakuna hata moja lililotoka, wala sikuweza kumwamkia. Tulisimama hivyo. Alinisubiri, na alipoona sisemi, aliweka jagi chini, akanyoosha mgongo, akasema yeye wa kwanza, neno zima, bila haraka:

"Marahaba."

Ndipo nikaipata sauti ya kusema shikamoo.